Finchi dume wa siku 75 anaimba ovyo: ni koo au ni sikio?

Tundu_Kibokoni
Assalaam aleykum wapenzi wa ndege. Nina finchi wa milia, dume, siku 75 tangu aanguliwe. Babake alitolewa tunduni kinda akiwa na siku 40. Tundu liko roshani, mita mbili kutoka jenereta ya duka la chini, na hiyo hunguruma asubuhi hadi Maghrib. Anaimba kila siku lakini silabi hazishikani: leo hivi, kesho vile. Anakula vizuri. Nimpe dawa ya koo?

MzeeWaChiriku
Waaleykum salaam. Dawa weka kando kwanza. Ndege mwenye utitiri wa njia ya hewa hupumua mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka, na husikika akikwaruza hata akiwa ametulia. Ukiyaona hayo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usipoyaona, huenda tatizo ni la kusikia.

Finchi husoma kama mtoto wa chuoni. Baina ya siku ya 25 na ya 65 hivi huhifadhi wimbo wa babake. Huku nyuma, tangu siku ya 35 au karibu yake, ameshaanza kuukariri mwenyewe, na kila atoacho hukisikiliza akakipima na alichohifadhi. Kwenye siku ya 90 wimbo huganda, yaani hutulia kwa mpangilio mmoja. Kuyumbayumba siku ya 75 ni kawaida. Kinachotisha ni jenereta. Inamfunika sauti yake mwenyewe, basi atajisahihishaje?

Binti_Mvita
Na kuhifadhi peke yake hakutoshi. Mwaka 1965 Masahiro Konishi alionyesha kwamba shomoro wa Marekani walioondolewa usikivu baada ya kusikia wimbo, lakini kabla ya kuanza kuuimba, waliishia kuimba vibaya mno.

Hamishia tundu chumba cha nyuma, leo. Mrudishe babake, tundu lake kando ya la kinda, waonane.

Tundu_Kibokoni
Je, nikifunika tundu kwa blanketi na kumchezea wimbo wa babake kwa spika?

MzeeWaChiriku
La, yakhe. Blanketi halizuii mngurumo, na kwa joto hili utampika. Spika inayopiga mfululizo nayo haimfundishi finchi vizuri. Mwalimu aliye hai humshinda mbali.

Binti_Mvita
Hakikisha pia kwamba anasikia. Muweke finchi mwingine nyuma ya pazia. Akiita, wako ajibu. Usipige makofi, atashtushwa na kivuli cha mkono udhani kasikia.

Kisha mrekodi kila wiki, saa ile ile ya asubuhi, jenereta ikiwa imezimwa: simu sentimita 30 kutoka tunduni, faili ya WAV, si MP3. Fungua kwa programu ya sauti iitwayo Audacity, uchague mwonekano wa spektrogramu, yaani picha ya sauti. Ruka vile vidokezo vya mwanzo vinavyojirudia, ulinganishe nyimbo 20 zinazofuata. Silabi zikianza kupangika kwa mfuatano mmoja, anaganda.

MzeeWaChiriku
Usimrekodi wiki moja akiwa peke yake na wiki ya pili akiwa mbele ya jike. Mbele ya jike huimba haraka kidogo na kwa unyoofu zaidi, utadhani amepona.

Tundu_Kibokoni
Na wimbo ukishaganda, naweza kumrudisha roshani?

Binti_Mvita
Hapana. Hata finchi aliyekomaa akipoteza usikivu, wimbo wake huharibika baada ya wiki kadhaa. Kwenye kelele atapaza sauti ajisikie, lakini kelele ikizidi sauti yake, kupaza hakumfai kitu. Mwache huko nyuma.