Mafundi wa vifaa vya meno, mnafungua lospidi kwa plaizi halafu mnatuandikia "beringi mpya"?

Wakuu, leo mnivumilie, nimechoka.

Nina kliniki ndogo ya meno huku mkoani. Kwa wasiojua, kiti cha meno kina mashine mbili za mkononi zinazoendeshwa na hewa ya kompresa. Haispidi inazunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Lospidi ni ya taratibu, mota zake nyingi zinaishia 20,000 hivi, na ndiyo tunayokwangulia uozo ulio karibu na mshipa na kung'arishia meno. Hiyo lospidi ndiyo imenitia hasara.

Shida yake ilikuwa hivi: ukiishika hewani inalia vizuri kabisa, ukigusa jino inasimama. Nikabadilisha kontraengo, kile kichwa cha mbele kinachoshika bari ya kukwangulia, vilevile. Presha ya hewa iko sawa. Maana yake ugonjwa umo ndani ya mota. Nikampelekea fundi mmoja anayejitangaza kutengeneza "vifaa vyote vya hospitali". Akakaa nayo weee, simu hapokei, siku akipokea ni "kesho bosi". Mwishowe ikarudi na risiti: beringi mpya mbili, oringi seti nzima, sevisi. Nikalipa.

Haikummaliza hata mgonjwa wa kwanza!

Nikamwita kijana aliyesomea vifaa tiba pale chuo cha teknolojia DIT, Dar, tukaifungua pamoja mezani. Nje tu, ganda zima lina alama za plaizi. Nati ya nyuma ina vitundu viwili vya kuingizia spana yake yenye pini. Yule fundi kaibana na plaizi mpaka duara limekuwa yai.

Ndani ndiyo balaa lenyewe. Mota hii haina umeme wala koili. Kuna rota iliyokaa kando kidogo ndani ya silinda, si katikati, na rota ina mifereji ambamo vibao vyembamba vinateleza kuingia na kutoka. Hewa inasukuma vibao, rota inazunguka. Kibao kikilika, au kikigandishwa na mafuta ya zamani, hewa inapenya pembeni inakwenda zake. Ndiyo maana mota inazunguka ikiwa haina mzigo na kuzimika ikikutana na jino. Hata mwanafunzi wa fundi angeanzia hapo.

Huyu bwana vibao vilivyolika kavirudisha vilevile, tena vingine kageuza: ule ukingo uliokwisha kuchongeka kufuata silinda kauelekeza ndani. Juu yake akapaka grisi. Grisi, wakuu! Nzito, ya njano, imejaa mpaka kwenye mifereji. Kibao kinatakiwa kirushwe nje na mzunguko wenyewe kikaguse silinda, sasa kitatokaje humo? Na kitu hiki kinaingia otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kwenye nyuzi 134, hiyo grisi ikipikwa inabaki gundi. Mota hizi zinataka matone ya mafuta mepesi ya handpisi, yaani ya hizi mashine za mkononi, kupitia tundu la kuingizia hewa. Kwenye paipu ya tundu nne hilo ni la pili kwa ukubwa. Lile kubwa kabisa ni la kutolea hewa, ukitia mafuta pale umemwagilia paipu tu.

Na zile beringi mbili "mpya" nilizolipia? Zina kutu. Nauliza kwa upole wote niliobaki nao: beringi mpya inatoka dukani na kutu?

Nilipompigia akanijibu, "Dokta, hizo mota ndivyo zilivyo, nunua nyingine." Yaani nimelipa matengenezo ili niambiwe ninunue nyingine. Nikamwambia anirudishie beringi zangu za zamani alizotoa, maana fundi aliyebadilisha kitu huwa na kile cha zamani. Akakata simu. Tangu hapo haipatikani.

Wauzaji nao msijifiche nyuma yake. Nimeuliza vibao pale niliponunua, jibu ni kwamba vipuri hawauzi, wanauza mota nzima. Vijiti vidogo vile vinavyolika kwa matumizi ya kawaida, nitupe chuma kizima? Hata mchoro wa kuonyesha nini kinakaa wapi haukuwemo kwenye boksi. Mnauza kitu ambacho mnajua kitalika, halafu mnatuachia wenye plaizi.

Sasa nina mambo mawili. Mwenye kujua duka lolote, Dar, Mwanza au hata Nairobi, linalouza vibao vya mota ya hewa kwa seti, aweke hapa, na aseme kama wanapima kwa sampuli maana vyangu naweza kuvituma. La pili ni kwa fundi, najua humu unapita: pesa ya beringi irudi kwa namba ileile niliyokulipia. Ya sevisi tutaongea.