Seva inajibu kwa IP ila kwa jina haionekani

fundi_ntinda: Jamani msaada, hapa ofisini Kampala stima ilikatika, iliporudi ruta ikawa imeungua tukaweka nyingine, sasa intaneti iko poa kabisa lakini kompyuta hazioni seva ya mafaili kwa jina. Nikipingi IP yake (anwani yake ya namba), 192.168.1.10, inajibu, nikiandika jina lake hakuna kitu, na mhasibu hanipi pumzi.

mama_keboli: Pole ndugu. Andika ipconfig /all kwenye mashine moja uangalie mstari wa DNS, yaani seva inayoulizwa jina fulani lina anwani gani. Nadhani utakuta 8.8.8.8, ile DNS ya Google, maana ruta mpya ndiyo inagawa anwani sasa. Google wataijulia wapi seva yenu ya hapo ndani?

fundi_ntinda: Kweli, ya kwanza 8.8.8.8, ya pili ndiyo hiyo seva. Si ingeuliza ya pili basi?

mama_keboli: Haiulizi. Ya pili ni pale ya kwanza ikinyamaza, na hii haikunyamaza, imejibu jina halipo na mashine ikaridhika. Kwenye DHCP ya ruta (sehemu inayogawia kompyuta anwani) weka 192.168.1.10 peke yake, halafu 8.8.8.8 iingize ndani ya seva kama forwada, yaani pa kuulizia majina isiyoyajua, ya nje yapitie huko. Kisha ipconfig /renew na /flushdns, mashine ichukue mipangilio mipya na kusahau majibu ya zamani.

netiweki_jinja: Cheki na saa ya seva ssebo, betri ya ubaoni ikifa saa inaharibika stima ikikatika, na ikipishana zaidi ya dakika 5 Kerberos (mfumo wa kuhakiki watumiaji) inakataa watu kulogini, utahangaika na DNS bure.

fundi_ntinda: Imekubali! Saa iko sawa. Bado printa tu, nayo iliwekewa DNS kwa mkono.