Naomba ushauri: jiwe la babu aliyezama na meli vitani 1944

Wakuu habari za jioni, niko Mwanza huku Igoma. Kaka yake babu alikuwa askari wa mizinga, akafa kwenye meli ya Khedive Ismail iliyopigwa na nyambizi ya Wajapani 12 Februari 1944 wakitoka Mombasa kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo), walikufa watu zaidi ya 1,200. Kaburi hana. Sasa ukoo tumekubaliana tumwekee jiwe kule Magu tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ila tumekwama kwenye jina maana ile karatasi yake ya jeshi (mchwa wameshakula kona moja) karani kaliandika bila ile Ng' ya mbele, wazee wanabishana tufuate karatasi au Kisukuma, na fundi wa marumaru anachaji kwa herufi jamani!

Najua wa meli ile wanakumbukwa pale makaburi ya vita Nairobi, Ngong Road. Aliyewahi kufuatilia, wanakubali kurekebisha jina? Namba yake ya jeshi ninayo.

Halafu jiwe bila mwili kimila inakuwaje, shangazi anasema lazima tuzike kitu kwanza, hata nguo, na nguo yenyewe hatuna.