Kikaragosi kilichotundikwa ukutani bado ni kikaragosi?

Mwalimu wa Shangani (Mtwara)

Habari za jioni, wanajukwaa. Nafundisha sanaa hapa Mtwara mjini, na kwa miaka 2 sasa wanafunzi wangu wanaunda vikaragosi kwa mti wa msufi, vipande vya kanga kuukuu na mishipi ya kuvulia samaki. Tumepewa chumba Mikindani kwa wiki 3 ili tuvionyeshe kwa umma. Nina hofu, kwa sababu mwaka jana tulifanya hivyo katika ukumbi wa ofisi moja, na vikaragosi 14 vikatundikwa kwenye misumari kama mashati, shingo zimelegea, hata mama mmoja akauliza kwa nini tumewanyonga watu. Mtoto alipotaka kuvuta uzi mmoja, mlinzi akamkaripia. Ninachouliza ni hiki: kitu kilichoundwa ili kichezeshwe kinabaki kuwa sanaa kikiwa kimetulia ndani ya chumba cha maonyesho, na kama ndivyo, kionyeshweje?

Mtu wa Makumbusho (mzaliwa wa Lindi, mkazi wa Dar es Salaam)

Mwalimu, pole kwa yaliyokupata. Neno lenyewe karagosi limetufikia kutoka Karagöz, mchezo wa vivuli wa Waturuki, kwa hiyo tangu asili tunazungumzia kitu kinachohitaji taa, pazia na mkono wa mtu. Hata hivyo, vyumba vya maonyesho vimevipokea vikaragosi kwa muda mrefu. Mchoraji Paul Klee alianza kumtengenezea mwanawe Felix vikaragosi vya mkononi mwaka 1916, akaendelea hadi 1925. Alitumia plasta, mifupa, vitambaa vilivyobaki, hata soketi ya umeme na kiberiti. Viliundwa takriban 50, na 30 vilivyosalia vimehifadhiwa Bern, Uswisi. Navipenda hivyo kuliko picha zake nyingi, ingawa najua wako watakaonipinga.

Mfano ulio karibu zaidi na swali lako ni sarakasi ndogo ya vikaragosi ya mchongaji Mmarekani Alexander Calder, aliyoiunda kwa waya, vizibo na matambara kati ya 1926 na 1931. Calder alikuwa akipiga magoti sakafuni na kuichezesha mwenyewe mbele ya rafiki zake mjini Paris. Leo imo ndani ya kioo katika jumba la makumbusho la Whitney, New York, na pasipo filamu inayomwonyesha Calder akiichezesha, mtazamaji angeona rundo la waya tu. Wael Shawky wa Misri naye amevionyesha vikaragosi vya filamu zake kuhusu Vita vya Msalaba, vikiwamo vya kioo cha Murano, pamoja na filamu zenyewe. Nakushauri uwapige picha za video wanafunzi wakichezesha, na kando yake uweke lipiko (kinyago cha kuvaliwa kichwani katika ngoma za Wamakonde) moja au mawili, ili wageni waone kwamba jambo hili lina mizizi huku kwetu.

Fundi wa Newala

Mimi ni mchongaji, kwa hiyo nitasema ya mikono. Kosa la mwaka jana lilikuwa kukiachia kikaragosi uzito wake wote kwenye uzi wa kichwa. Chomeka kijiti imara nyuma ya kiuno, kisimike kwenye kitako cha ubao, miguu iguse chini. Kisha nyuzi zivutwe kiasi na kile kijiti cha kushikia kikae juu yake, mahali ambapo mkono ungekuwa. Mgeni akitazama ataanza kukunja vidole bila kujua. Tena usipake vanishi wala kusugua. Pale palipoingia weusi wa jasho la kidole gumba ndipo kazi ya mwanafunzi inapoonekana kuliko hata usoni.

Mmefanya vyema kuchagua msufi, kwa sababu mpingo huzama majini, sembuse kuuinua kwa nyuzi robo saa nzima. Lakini msufi huliwa upesi na bungua, basi kagueni unga chini ya kila kikaragosi asubuhi. Kulabu za chuma zitashika kutu kwa upepo wa bahari. Kanga nazo msiziweke dirishani, maana jua la pale ni kali.

Mzee wa Tandahimba

Nimesoma yote kwa makini. Kuhusu lipiko, naomba mwanangu wa Makumbusho aniwie radhi: shauri hilo silikubali. Kwetu kuna midimu, yaani sura za watu, na kuna isinyago, yale maumbo ya wanyama yanayoundwa kwa fito na nguo na kubebwa na watu waliojificha ndani. Yanachezwa watoto wanapotoka jandoni, na anayecheza hatajwi. Kikaragosi cha shule ni kinyume chake, kwani raha yake ni kuuona mkono unaokichezesha. Ukiviweka pamoja mezani, mtoto atauliza ni nani aliyekuwa ndani ya lipiko, na mwalimu atalazimika kujibu au kudanganya.

Mtu wa Makumbusho

Shikamoo mzee. Nimelikosea hilo, nami naliondoa shauri langu. Nililitazama lipiko kama umbo tu, kwa mazoea ya kuliona kabatini. Niongeze tu kwamba kule Japani, katika bunraku, watu 3 hukichezesha kikaragosi kimoja mbele ya macho ya watazamaji, na hakuna anayeona kwamba uhai wake umepungua kwa sababu hiyo.

Mwalimu wa Shangani

Marahaba kwa wadogo, na shikamoo mzee wangu. Mapiko hayatakuwapo. Vikaragosi 11 vitasimama kwa vijiti kama fundi alivyoeleza, taa moja itawekwa chini ili vivuli vyao vipande ukutani, na vile 3 vilivyochakaa zaidi vitaachwa kwenye mkeka karibu na mlango, mtoto yeyote avishike na kuvuta nyuzi apendavyo, mwanafunzi mmoja akiwa pale na sindano na mshipi wa akiba. Kilichobaki ni swali kwa fundi: kijiti cha kiunoni nikichonge kwa mwanzi, au utapinda kabla ya wiki 3 kwisha?

Fundi wa Newala

Mwanzi mkavu utafaa. Ule mbichi utakuaibisha siku ya pili.