Mdogo wangu ana kifundo cha mishipa kichwani, tumpasue au tusubiri mionzi? Naombeni ushauri

Wakuu, habari zenu.

Mdogo wangu ana miaka 19. Mwezi wa tatu alianguka bafuni, akapata degedege, mdomo ukapinda. Tulihangaika wiki nzima tukiambiwa ni kifafa tu, mpaka alipopigwa CT ndipo ikaonekana damu imevuja kwenye ubongo. Kipimo cha mishipa kikaonyesha ateri zinamwaga damu moja kwa moja kwenye veni, hakuna kapilari (vile vimishipa vidogo sana) katikati. Daktari anasema amezaliwa na kifundo hicho. Mama bado anajilaumu kwamba alikosea kitu akiwa mjamzito, na hilo linaniuma kuliko yote.

Kifundo kina sentimita 4, kipo upande wa kushoto karibu na eneo la kuongea, ila veni zake hazipeleki damu kwenye kina cha ndani cha ubongo. Kwa kipimo cha Spetzler-Martin, kinachopima ugumu wa kukipasua, ni daraja la 3, yaani lile la katikati ambalo madaktari wenyewe hawakubaliani. Mmoja anataka kuziba kwanza mishipa kwa gundi kupitia mrija wa kinenani, kisha afungue fuvu akitoe. Mwingine anapendekeza Gamma Knife, yaani mionzi inayolenga kifundo bila kufungua fuvu, lakini hiyo huchukua miaka 2 hadi 3 kufunga mishipa, na muda wote huo kinaweza kuvuja tena.

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa hivi: baada ya upasuaji, kuongea kulirudi? Mliulizia nini kabla ya kusaini? Na kwa waliokwenda kutibiwa India, bima iligusa chochote kwenye gharama? Dogo anaimba kwaya, ndiyo maana naogopa kisu.