Seli nilizofanyia PhD miaka miwili kumbe sio zenyewe. Nimalize au nikatafute kazi?

mchovu_wa_maabara

Wakuu habari zenu, samahani uzi utakuwa mrefu ila nina siku nne sijalala vizuri na najua humu kuna watu wameshapita njia hii.

Niko mwaka wa nne wa PhD, utafiti wa saratani. Tangu mwaka wa pili nafanya kazi na aina moja ya seli, nimezilisha, nimezihamisha, kuna siku nimeenda maabara saa nane usiku kwa sababu jaribio lilitaka sampo kila baada ya masaa sita na hakuna wa kunishikia zamu. Mwezi uliopita tukawa tunaandaa pepa, na jarida tunalolitaka linadai kipimo cha DNA kuthibitisha seli ni zile unazosema. Mimi nikaona ni fomaliti tu, nikatuma sampo nikasahau kabisa. Alhamisi asubuhi majibu yakaja. Ni karatasi moja ina safu mbili za namba, huku za kwangu huku za kumbukumbu zao, nikaanza kulinganisha kwa kidole kwenye skrini, ya kwanza haifanani, ya pili haifanani, nikasema labda wamechanganya mafaili. Chini kabisa kuna mstari mmoja tu, sampo inalingana na HeLa.

HeLa jamani, zile seli za saratani za Henrietta Lacks zinazojulikana kwa kuvamia seli nyingine maabara. Nilienda kwenye tanki la naitrojeni tunakogandishia seli nikahesabu vichupa vyangu, viko 36, vyote vimeandikwa kwa mwandiko wangu jina la seli ambazo hazimo.

Sijamwambia mtu mpaka sasa. Na kiukweli hata kabla ya hili nilikuwa sijui naelekea wapi, niliosoma nao digrii ya kwanza wengine wana vyeo sasa hivi, mimi bado nikiulizwa unamaliza lini najibu "karibuni" na nimelijibu hilo miaka miwili. Kupata postdoki (kazi ya muda ya utafiti baada ya PhD) bila pepa ni ngumu, na baada ya postdoki napo uprofesa wenyewe hauna nafasi. Nimwambie supavaiza nini? Na je, hii siyo dalili kwamba niachane nayo tu?

bibi_pipeti

Pole sana mdogo wangu. Nitaanza na hilo la supavaiza kwa sababu ndilo la leo, hayo ya kazi yatasubiri.

Mwambie leo, usingoje kesho. Usijiridhishe kwanza, usirudie kipimo kimyakimya, maana kila siku unayokaa nayo hadithi inabadilika kutoka "nimegundua tatizo" kuwa "alijua akanyamaza". Tuma emaili fupi, ambatisha ile karatasi ya majibu kama ilivyo, omba nusu saa. Usijitetee ndani ya emaili.

La pili, na hili ni la kiufundi kidogo. Seli zako zimekuwa HeLa LINI? Unaongea kama vile zilikuwa HeLa tangu siku ya kwanza, umejuaje? HeLa zina tabia ya kuongezeka haraka, karibu siku moja tu zishakuwa mara mbili, zikiingia chache kwenye chombo cha seli za taratibu baada ya wiki kadhaa wenyeji wote wamekwisha wamebaki wageni, na wewe kwa macho huoni kitu. Inatosha chupa moja ya chakula cha seli kutumiwa na watu wawili. Sasa nenda kwenye hivyo vichupa 36, vipange kwa pasaji (mara ngapi seli zimehamishiwa chombo kipya), chukua cha zamani kuliko vyote, kimoja cha katikati na cha juzi, vipeleke vitatu vyote vikapimwe. Kama cha zamani ni chenyewe, basi kila jaribio ulilofanya kabla ya uchafuzi bado liko hai. Kama nacho ni HeLa, huenda tatizo lilikuja nazo kutoka huko zilikotoka na kosa sio lako.

Halafu angalia ni kipi kwenye tasnifu hakitegemei seli ni za nani. Njia uliyotengeneza ya kupiga picha, programu ya kuhesabu, hizo hazijali.

Kijana wa Takwimu

Acha PhD kaka. Siku hizi ni mateso ya hiari.

nusu_daktari

@Kijana wa Takwimu sasa huo ni ushauri kweli? Mtu yuko mwaka wa nne unamwambia acha kwa mstari mmoja.

Mkuu usikate tamaa, mtazame mwanasayansi Katalin Karikó. Mwaka 1995 chuo kikuu cha Pennsylvania kilimshusha cheo kwa sababu hakuna aliyetaka kumpa fedha za utafiti wa mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini), akang'ang'ana hivyohivyo, 2005 akatoa na mtafiti mwenzake Drew Weissman ile pepa iliyokuja kuwa msingi wa chanjo za korona, na 2023 wakapewa Nobel. Angeacha je?

zamani_nilikuwa_huko

Mimi hiyo hadithi ya Karikó naiheshimu sana ila inanichosha inavyotumika, maana inasimuliwa ya aliyefika tu. Kuna mwingine anaitwa Douglas Prasher. Huyu ndiye aliyenakili jeni ya ile protini ya yavuyavu inayong'aa kijani, mwaka 1992, fedha za utafiti zikamwishia, akaona bora asifukie kazi yake, akawagawia wenzake jeni hiyo. Mwaka 2008 Nobel ya kemia ikatolewa kwa ajili ya protini hiyohiyo, wawili kati ya washindi watatu ni wale aliowapa, na yeye wakati huo alikuwa dereva wa kusafirisha wateja wa duka la magari. Hakuwa mvivu wala mjinga. Kwa hiyo kung'ang'ana peke yake sio mpango.

Mimi niliondoka mwaka wa tatu nikapewa masta. Sikuondoka siku niliyoanguka, na hapo ndipo namkatalia @Kijana wa Takwimu. Mwaka wa pili pepa yangu ilikataliwa na majarida matatu mfululizo, moja lilinirudishia kwa masaa machache tu hata wahakiki hawajaiona, ile wiki kama ningeamua ningeondoka nina hasira na mpaka leo ningekuwa najiuliza. Nilijiwekea sheria, uamuzi wa kuondoka naufanya siku ambayo jaribio limeenda vizuri. Ikafika siku imeenda vizuri, grafu nzuri kabisa, nikaitazama nikaona sisikii chochote. Ndio nikajua.

Na kuhusu kazi, usisome makala za "nini cha kufanya baada ya PhD", zinakuacha na mawazo zaidi. Mimi nilitafuta watu sita walioondoka kwenye fani yangu nikawauliza swali moja, Jumanne saa nne asubuhi huwa unafanya nini hasa? Sio cheo chako nini, unafanya nini. Mmoja akaniambia anasoma nyaraka za majaribio ya dawa anatafuta makosa, mwingine anabishana na watu wa mauzo. Yule wa kwanza nilipomsikiliza nikaona wivu, na wivu huo ndio ulionipa jibu, sasa hivi ndiyo kazi yangu. Kumbuka wewe umegundua seli zako mwenyewe ni bandia na unalia, kuna watu wanalipwa kugundua hivyohivyo.

Kijana wa Takwimu

Sawa nimesikia, nilijibu kwa hasira zangu, nimetoka kurudishiwa chapta mara ya tano.

bibi_pipeti

@Kijana wa Takwimu pole na wewe, fungua uzi wako.

Mchovu, niongeze moja ukiona aibu. Seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa 1951, na kufika 1966 mtafiti Stanley Gartler alisimama kwenye mkutano akawaambia wakubwa wa fani hiyo kwamba seli nyingi wanazodhani ni za aina tofauti ni HeLa zilezile. Hawakufurahi. Leo kuna orodha ya wazi ya seli zenye majina ya uongo, zimo zaidi ya 500, na watu bado wanachapisha nazo. Wewe umepima KABLA ya kuchapisha. Ungegundua mwaka baada ya pepa kutoka ingebidi uiondoe, na hiyo nimeiona kwa macho, ni maumivu mengine.

mchovu_wa_maabara

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita.

Nilituma emaili usiku uleule. Supavaiza hakupiga kelele, alikaa kimya kama dakika nzima anaangalia karatasi halafu akauliza, "Nani mwingine anatumia seli hizi?" Sikuwa nimewaza hilo kabisa. Kumbe kuna wawili niliwagawia, ikabidi niende meza kwa meza kuwaambia, hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko supavaiza, mmoja hajaniongelesha vizuri mpaka leo na simlaumu.

Vipimo vitatu vimerudi. Pasaji ya nne ni yenyewe, ya kumi na moja tayari HeLa, ya juzi HeLa. Nimerudi kwenye daftari langu la maabara, kati ya hapo kuna wiki kadhaa na ndani yake kuna siku nimeandika kwa kalamu nyekundu "chakula cha seli kimeisha, nimeazima". Sikuandika nimeazima kwa nani.

Kwa hiyo chapta ya pili imepona karibu yote, ya tatu imekufa, ya nne ni ile programu ya kuhesabu picha haijaguswa. Supavaiza anasema ya tatu nirudie lile jaribio moja kubwa tu na seli mpya, miezi mitano au sita, mengine niyaache. Kuhusu kubaki au kuondoka sijaamua, nasubiri siku nzuri kama alivyosema @zamani_nilikuwa_huko, ila nimeshaongea na watu wawili na swali la Jumanne saa nne. Wa kwanza alisema yuko kwenye kikao. Wa pili naye kikao.

Vile vichupa nimevibandika lebo mpya. Vya HeLa nimeandika HeLa.

zamani_nilikuwa_huko

Vikao vipo kila mahali mkuu, hapo sikukudanganya. Uliza walio kwenye kikao wanabishania nini.