Senta wawili wa mwaka wa kwanza, basketi ya wanawake NCAA (mashindano ya vyuo vya Marekani): tuanze na kipi?

GadiMzee

Wakuu, salaam. Nasaidia kufundisha timu ya wanawake ya chuo kimoja cha divisheni ya kwanza huku Marekani, na mwaka huu nimekabidhiwa posti, yaani wachezaji wakubwa wa karibu na pete. Tuna senta wawili wa mwaka wa kwanza. Mmoja ana futi 6 na inchi 5, mwembamba, mwepesi kukimbia. Wa pili ana futi 6 na inchi 2, ana nyonga pana na mikono inayodaka chochote, ila pumzi fupi. Sekondari wote wawili walikuwa warefu kuliko kila mtu uwanjani: ananyoosha mkono, anapewa mpira juu, anageuka, anafunga.

Chuoni hiyo haipo. Mrefu anasukumwa mpaka nje ya eneo la sekunde tatu (lile la mbele ya pete ambalo mshambuliaji hakai zaidi ya sekunde tatu), anapokea mpira mbali. Mnene anapokea karibu, kisha anaushusha kiunoni na gadi (wachezaji wa nje) wanamnyang'anya. Wote wanapata faulo mbili kabla robo ya kwanza haijaisha, na kwenye piki-na-roli (mshambuliaji anamzibia njia mlinzi wa mwenye mpira, kisha anaviringika kwenda kwenye pete) hawajui wasimame wapi.

Kanuni mnazijua: saa 20 kwa wiki, zisizidi 4 kwa siku, siku moja ya mapumziko, na mazoezi 30 ndani ya siku 42 kabla ya mechi ya kwanza. Muda wangu na hao wawili peke yao ni kama dakika 20 kila zoezi. Nianze na nini, na niwape mbinu ngapi za kufunga?

MamaPosti

Kocha, mbinu za kufunga ziweke pembeni kwanza. Senta mchanga akipokea mpira futi 12 kutoka kwenye pete, tena amesimama wima, hata umpe mbinu kumi hazitamsaidia. Akipokea futi 5, mbili zinamtosha. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo ni miguu na mahali pa kupokelea.

Anza na njia ya kukimbia. Timu ikipata mpira, senta akimbie katikati ya uwanja hadi mbele kabisa ya pete, asikimbilie bloku, yaani alama ya pembeni mwa pete. Akifika mbele ya pete mlinzi wake hana budi kuchagua upande wa kukaa, na senta anakwenda bloku kwa kufuata uchaguzi huo. Wachanga wote hukimbilia bloku moja kwa moja, wanamkuta mlinzi keshajipanga anawasubiri.

Halafu kumfungia mlinzi mgongoni. Mguu wa mbele uvuke mguu wa mbele wa mlinzi, makalio yashuke mpaka yakae juu ya mapaja yake, na kugusana huko kuanze kabla pasi haijatoka mkononi mwa gadi. Mkono ulio mbali na mlinzi ndio unaoomba mpira, vidole juu. Ule wa karibu unabaki umekunjwa kiwiko, kazi yake ni kuhisi mlinzi anahamia wapi. Akiunyoosha tu, filimbi. Huyo mrefu wako nadhani anainama kiunoni badala ya kukunja magoti. Mtu aliyeinama kiunoni hana uzito miguuni, ukimgusa kwa nyonga anahama. Mwambie atazame gadi huku kifua kimesimama, magoti yafanye kazi ya kushuka. Na ahesabu mwenyewe: akifika "mbili" bila mpira, atoke nje ya mstari kwa miguu yote miwili, aingie tena kwa pembe nyingine. Kung'ang'ania palepale ndiko kunakoleta sekunde tatu.

Kudaka: aruke kidogo kuelekea mpira na kutua kwa miguu miwili pamoja. Akitua hivyo, mguu wowote unaweza kuwa wa egemeo, ule unaobaki sakafuni anapogeuka. Akitua mmoja mmoja, wa kwanza kugusa sakafu ndio egemeo na tayari amejifungia upande mmoja. Mpira uende chini ya kidevu, viwiko nje. Mnene wako anaushusha kiunoni kwa sababu anatafuta nguvu ya kuruka. Hiyo nguvu aitoe kwenye magoti. Kabla ya kufanya lolote atazame juu ya bega lililo upande wa katikati ya uwanja aone msaada unatoka wapi. Nusu sekunde inatosha.

Sasa mbinu, mbili tu mpaka Januari. Mlinzi akiwa upande wa juu, mbali na mstari wa mwisho: hatua ndefu ya nyuma kuelekea mstari wa mwisho, dundo moja la mikono miwili katikati ya miguu, tua kwa miguu miwili, panda. Mlinzi akiwa upande wa mstari wa mwisho: geuka katikati, shuti la ndoano. Kosa la kutembea na mpira hutokea kwenye ile ya kwanza, pale mguu wa egemeo unapoburuzwa kabla mpira haujaondoka mkononi. Apige hatua, asimame, adunde, ndipo egemeo liondoke. Afanye polepole mpaka wewe uchoke kumtazama.

Kama kuna mtu kwenye benchi lenu atakayesema hizi ni za kizamani, mkumbushe Megan Gustafson wa chuo cha Iowa msimu wa 2018-19: pointi 27.8 kwa mechi, asilimia 69.6 ya mashuti yake ndani, na tuzo ya Naismith ya mchezaji bora wa vyuo. Posti za Iowa zilikuwa mikononi mwa Jan Jensen, ambaye sasa ndiye kocha mkuu pale. Au Audi Crooks wa Iowa State, mwaka wa kwanza, Machi 2024 dhidi ya Maryland: mashuti 18 kati ya 20, pointi 40, katika mechi yake ya kwanza kabisa ya mashindano ya NCAA. Mtazameni anapopokelea mpira.

Dakika zako 20 zigawe hivi: 6 za kufungia na kudaka, mlinzi akiwa na pedi, 6 za Mikan (kufunga chini ya pete mfululizo, mkono wa kulia kisha wa kushoto), sekunde 30 ya kawaida na sekunde 30 ya kinyume, mara tatu kwa kupumzishana, mpira usishuke chini ya bega, zilizobaki mabao 5 kwa kila mbinu kutoka kila bloku, jumla 20. Hesabu yaliyoingia, usihesabu yaliyorushwa.

UkutaWaNyuma

Mama amemaliza upande wa kufunga. Lakini hakuna kocha mkuu anayemtoa senta wa mwaka wa kwanza kwa sababu hajafunga. Anamtoa kwa ulinzi na faulo, kwa hiyo hapo ndipo dakika zake zilipo.

Faulo kwanza. Tangu robo nne zilipoanza msimu wa 2015-16, faulo ya tano ya timu ndani ya robo inawapa wapinzani mitupo huru miwili. Senta akigawa mbili za kipuuzi dakika ya tatu, amejiumiza yeye na ameisogeza timu nzima karibu na adhabu. Kaa na video ya mazoezi uzipange faulo zao kwa aina. Utakuta nyingi ni tatu zilezile: mkono unaoshuka kwenye mpira, kupanda mgongo wa mtu kwenye ribaundi, na skrini ya kusogea, yaani kumzibia mlinzi njia huku unatembea. Kuziba shuti kwa kweli huleta chache sana.

Dawa ya mkono unaoshuka ni kumlinda mtu huku ameshika mpira wa tenisi kila kiganja. Hawezi kushika jezi wala kupiga mpira, analazimika kutumia kifua na urefu, mikono wima. Dakika 3 kila zoezi, wiki tatu. Kwenye zoezi la tano kwa tano weka kanuni: faulo mbili ndani ya dakika 10, anatoka mpaka dakika hizo ziishe, na timu yake inacheza bila senta. Wenzake watamsemesha kuliko wewe.

Piki-na-roli: fundisha namna moja tu kwanza, ile ya kubaki chini. Namna nyingine zije baada ya mechi kadhaa. Hatua ni hizi. Anaita skrini mapema, kabla haijamgusa gadi wake, na kutaja upande. Visigino vyake viwe kati ya mstari wa mitupo huru na pete, mkono mmoja juu kuelekea mpira na mwingine chini kwenye njia ya pasi ya kudundisha. Anarudi nyuma kwa hatua fupi, mabega yakiutazama mpira, mpaka gadi wake arejee mbele ya mwenye mpira. Akirejea, senta anamwendea anayeviringika. Kinachoharibika: anageuza nyonga kabisa kumfuata anayeviringika, mwenye mpira anapita bure, au anarukia shuti fupi la kuelea na pasi inapita juu yake. Shuti la kuelea la futi 8 mwachie mpinzani alipige huku mkono uko juu. Ni shuti baya.

Jambo jingine ambalo wanaokuja kutoka kutazama WNBA (ligi ya kulipwa ya wanawake) hulisahau: chuoni hakuna sekunde tatu za ulinzi. Senta wako akiwa analinda anaweza kukaa ndani muda wote, na wa mpinzani pia. Kwa hiyo mtakutana na zoni nyingi (kulinda eneo badala ya mtu), na huyo mwenye mikono mizuri afundishwe kupokea kwenye mstari wa mitupo huru na kumpasia mwenzake chini. Pasi hiyo ipite juu ya bega la mlinzi, upande wa pete.

GotiSalama

Mimi ni wa chumba cha uzito. MamaPosti, shikamoo, lakini Mikan za kuruka kila zoezi nazipinga. Sekunde 30 ni kama miruko 15 hadi 20. Zidisha kwa sita, kisha ongeza ribaundi na mazoezi ya timu. Kwa msichana wa futi 6 na inchi 5 ambaye sekondari alicheza mechi mbili kwa wiki, huo mzigo unaishia kwenye kano la chini ya pia ya goti. Siku mbili kwa wiki za kuruka kamili, siku nyingine afanye Mikan vidole vya miguu vikiwa sakafuni. Mguso wa mikono utajengeka vilevile.

Wanawake wa basketi huchana kano la msalaba la mbele la goti mara nyingi kuliko wanaume, na nyingi ya hizo hutokea bila kuguswa na mtu, kwenye kutua au kukata kona. Kwa hiyo dakika 15 za kupasha mwili zisiwe za kukimbia tu: kutua kwa miguu miwili, kisha mmoja, kushika sekunde 3, goti likae juu ya kidole cha pili cha mguu. Piga video kwa mbele. Goti likianguka ndani, punguza kimo anachorukia, usiongeze maneno. Angalau mara tatu kwa wiki, msimu mzima, hata Februari mnapochoka.

Mwembamba usimnenepeshe haraka. Robo hadi nusu kilo kwa wiki inatosha; kinachomfanya asukumwe ni nyonga na misuli ya katikati kuliko mizani. Kunyanyua chuma cha pembe sita kutoka chini na kuchuchumaa kwa mguu mmoja nyuma ukiwa juu ya benchi, seti 3 za marudio 6, mara mbili kwa wiki. Mnene naye msimwambie apunguze mwili. Pumzi inajengwa kwa mbio fupi za uwanja mzima, sekunde 10 kazi na 30 kupumzika. Senta akianza kubana chakula, hedhi ikikatika na mfupa wa mguu ukianza kuuma, hiyo ni kazi ya daktari wa timu siku hiyohiyo. Akichoka bila sababu, daktari apime damu na akiba ya chuma.

MamaPosti

Marahaba mwanangu. Hapo umenishinda, vidole vikae sakafuni siku za katikati.

GadiMzee

Shukrani wote. Mawili yamebaki. Mnene akianza kufunga watamletea walinzi wawili, na sasa hivi akiona wa pili anazunguka kwenda mstari wa mwisho na kupoteza. Pia kocha mkuu anauliza dakika: tuwape wote, au mmoja akae nje mwaka mzima bila kutumia msimu wake?

MamaPosti

Kuzunguka kuelekea mstari wa mwisho ni kujifungia mwenyewe, maana mstari nao ni mlinzi. Akimwona wa pili, adunde mara moja au mbili akirudi nyuma kuelekea pembeni, mabega yakitazama uwanja, mpira upande wa mbali. Hapo wawili wale wanalazimika kumfuata na nafasi inafunguka nyuma yao. Pasi ya kwanza ni kwa aliyeachwa na mlinzi wa pili. Ikizibwa, kona ya upande wa pili, juu ya vichwa. Mpira ukirudi nje, ajifungie tena palepale, kwa sababu walinzi wake wanakuwa bado wanarudi. Zoezi: watatu nje, yeye ndani, mlinzi wa pili anatoka mahali tofauti kila mara bila kumwambia. Pasi 10 safi, na haruhusiwi kufunga.

UkutaWaNyuma

Dakika: Kamilla Cardoso alipohamia South Carolina mwaka 2021 alimkuta nyota Aliyah Boston, akatokea benchi misimu miwili, na mwaka 2024 timu ilipomaliza 38-0 ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa Final Four, yaani nusu fainali na fainali. Upande wa pili Lauren Betts: Stanford alicheza chini ya dakika 10 kwa mechi mwaka wake wa kwanza, akahamia UCLA, akawa miongoni mwa bora nchini. Benchi peke yake si tatizo, mradi mchezaji ajue kazi yake ni ipi na dakika zake zinakuja lini. Asipojua, mlango wa kuhama uko wazi kila mwaka.

Kumkalisha mwaka mzima ningefanya kwa majeraha tu. Mnene aingie mwanzo, vipande vya dakika 4, atoke kabla pumzi haijakata, kwa sababu faulo zake zitakuja akichoka. Mrefu aingie mwishoni mwa robo ya kwanza dhidi ya senta wao wa akiba, kazi mbili tu: ribaundi na kubaki chini kwenye piki-na-roli. Asichezeshwe posti kabisa mpaka aweze kushika mahali kwa sekunde mbili dhidi ya pedi. Kama mna mechi tatu mwezi wa Novemba ambazo matokeo yanajulikana mapema, hapo mwachie robo nzima ya nne, hata akifika faulo nne.